Kuruhusu, Kuzuia na Kuamuru: Neno "Let" na Wajibu wa Mhubiri

Utangulizi

Katika vyuo vyetu vingi vya theolojia masomo hufundishwa kwa Kiingereza, lakini mahubiri hutolewa kwa Kiswahili. Mwanafunzi husoma vitabu vya ufafanuzi vilivyoandikwa kwa lugha ile, kisha Jumapili hupanda mimbarini kunena kwa lugha hii. Kati ya meza ya kusomea na mimbari pana daraja la kuvuka, na daraja hilo ni tafsiri, hata kama mvukaji mwenyewe hatambui kwamba anatafsiri.

Tumezoea kudhani kwamba hatari ya daraja hilo imo katika maneno makubwa. Kwa hiyo twajihadhari tunapokutana na neno la kuhesabiwa haki, au neema, au upatanisho. Twafungua kamusi, twauliza walimu. Maneno madogo twayapita bila kuyaamkia, kwa kuwa tuliyajua tangu shule ya msingi. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba neno dogo laweza kumpotosha mfafanuzi kuliko neno kubwa, kwa sababu hiyohiyo kwamba halimpi mashaka. Tumechagua neno "let". Ni neno la herufi tatu. Kila mwanafunzi wa darasa la tano hujibu bila kusita kwamba maana yake ni "kuruhusu" au "kuacha". Jibu hilo ni sahihi, lakini ni theluthi moja tu ya ukweli.

Tutaonyesha kwamba katika Biblia ya Kiingereza neno hili lina kazi tatu: kuruhusu, kuzuia na kuamuru. Kisha tutatazama mahali ambapo kuchanganya kazi hizi hugusa ubatizo, ndoa, meza ya Bwana na hata fundisho la kuhesabiwa haki. Hapo ndipo itakapoonekana kwamba jambo hili si la walimu wa sarufi peke yao.

Maneno mawili katika vazi moja

Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na vitenzi viwili vilivyokaribiana kwa sauti. Kimoja kilikuwa "lætan", chenye maana ya kuacha, kuachia na kuruhusu. Kitenzi hiki ni ndugu wa neno la Kijerumani "lassen". Kingine kilikuwa "lettan", chenye maana ya kuchelewesha na kuzuia. Hiki cha pili kilitokana na neno lililomaanisha "mzito, mwenye kukawia", ambalo ndilo lililozaa pia neno "late", yaani kuchelewa. Wataalamu wa historia ya lugha huvihusisha vitenzi vyote viwili na shina moja la kale sana lenye wazo la kulegea. Lakini Waingereza wenyewe walivitumia kama maneno mawili tofauti.

Karne zilivyopita, matamshi yalibadilika, miisho ya vitenzi ikapukutika, na maneno hayo mawili yakafanana kabisa: "let" na "let". Ikatokea ajabu ya neno moja kusema ndiyo na hapana. Aliyesema kwamba "amelet" mtu aende alimaanisha kwamba amempa njia; aliyesema kwamba "amelet" mtu asiende alimaanisha kwamba amemfungia njia. William Shakespeare bado alilitumia kwa maana ya kuzuia. Katika mchezo wake wa Hamlet, tendo la kwanza, onyesho la nne, mwana wa mfalme anawatisha rafiki zake wanaomshika asiufuate mzuka wa baba yake, na neno analolitumia kwa ajili ya kushikwa huko ni hilihili "let".

Siku hizi maana ya kuzuia imekufa katika mazungumzo ya kawaida, lakini mifupa yake ingaliko. Pasi ya kusafiria ya Uingereza huomba mwenye nayo apite bila "let or hindrance", yaani bila kizuizi wala pingamizi. Msemo huo ni wa wanasheria, ambao hupenda kuhifadhi maneno ya kale. Katika mchezo wa tenisi nako, mpira unaoanzishwa ukagusa wavu kisha ukaangukia mahali pake huitwa "let", na mchezaji huanza upya: wavu umeuzuia. Tena ziko maana nyingine zilizotokana na ile ya kuachia. Kibao penye nyumba chenye maneno "to let" chatangaza kwamba nyumba inapangishwa. Na "let alone" hutumika pale ambapo sisi tungesema "seuze" au "sembuse".

Je, tuwacheke Waingereza? Hasha. Mswahili ana neno la namna hiyohiyo kinywani mwake kila siku. Mama anapomwambia mtoto, "Acha kulia," anamkataza. Anapomwambia dada yake, "Mwache alie," anaruhusu kilio kiendelee. Kitenzi ni kimoja, "kuacha", na kinasimama upande wa kukoma na upande wa kuendelea. Mtu akimwacha mkewe, ameivunja ndoa. Akimwacha mkewe aende kumwuguza mama yake, ameitunza. Hatukosei, kwa kuwa tumezaliwa ndani ya lugha, na maneno yanayofuata hutuongoza. Mgeni ndiye akosaye. Na sisi katika Kiingereza cha mwaka 1611 ni wageni, kama walivyo Waingereza wengi wa leo.

Kuruhusu na kuzuia katika sura moja

Biblia ya Kiingereza inayojulikana kwa jina la Mfalme James ilitolewa mwaka 1611, wakati maana zote mbili zilikuwa hai. Watafsiri wake hawakuona taabu yo yote kuzitumia kwa ukaribu. Mfano ulio wazi kuliko yote umo katika Kutoka sura ya 5. Katika mstari wa 1, Musa na Haruni wanamtaka Farao awaache watu waende zao. Hapo "let" ni kuachilia, na nyuma yake pana kitenzi cha Kiebrania chenye maana ya kutuma au kupeleka. Katika mstari wa 4, Farao anawauliza Musa na Haruni kwa nini wanawatoa watu katika kazi zao. Na hapo tena Biblia hiyo ina "let", lakini sasa kwa maana ya kuzuia. Mitenguo miwili, neno moja, mistari miwili tu katikati. Msomaji asiyejua historia ya neno atasema kwamba Farao anawashutumu Musa na Haruni kwa kuwaruhusu watu wafanye kazi, na shutuma hiyo haina maana.

Mfano wa pili ni Isaya 43:13, ambapo Bwana asema kwamba atatenda kazi, kisha auliza swali. Katika Biblia ya 1611 swali hilo limejengwa kwa "let". Mtu akilisoma kwa maana ya leo, Mungu anauliza ni nani atakayempa ruhusa! Nabii alikusudia kinyume chake: hakuna awezaye kumzuia.

Mfano wa tatu ni Warumi 1:13. Paulo awaeleza Warumi kwamba mara nyingi alikusudia kuwaendea, akazuiliwa. Biblia ya 1611 ina "let". Kitenzi cha Kigiriki ni "koluo", kuzuia. Tunaomba msomaji aliweke neno hili la Kigiriki moyoni, maana tutarudi kwake.

Mfano wa nne ndio wenye hatari zaidi, kwa kuwa watu hupenda kuuhubiri. Katika 2 Wathesalonike 2:6-7 Mtume anasema juu ya kitu, na kisha juu ya mtu, anayeshikilia ile siri ya kuasi isidhihirike kabla ya wakati wake. Kigiriki kina kitenzi kilekile katika mistari yote miwili, "katecho", chenye maana ya kushikilia na kuzuia. Watafsiri wa 1611 walitumia neno "withhold" katika mstari wa 6 na neno "let" katika mstari wa 7, labda kwa kupenda kubadilisha maneno, jambo ambalo walikiri katika dibaji yao kuwa ni desturi yao. Mhubiri asomaye mstari wa 7 peke yake katika Biblia hiyo ataona mtu anayeuruhusu uovu; na atajenga hotuba nzima juu ya huyo aruhusuye, wakati Mtume anamnena mtu auzuiaye. Tertuliano, mwalimu wa kale wa Kanisa la Afrika Kaskazini, aliona hapo dola ya Rumi iliyokuwa ikiyazuia machafuko ya mwisho. Wengine wameona mambo mengine. Lakini wote walianza na kuzuia, si na kuruhusu. Tafsiri ya Kiingereza iliyorekebishwa, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1881, iliondoa "let" hapo na katika Warumi 1:13. Nasi twamshukuru Mungu kwamba Union Version yetu ya 1952 ina kitenzi cha kuzuia, kisichokuwa na utata.

Fundisho la kwanza ni hili: mhubiri wa Kiswahili asiikimbilie Biblia ya Kiingereza akidhani kwamba ni ya asili kuliko yake. Mara nyingine ile ya Kiswahili ni wazi zaidi.

"Let" isiyoruhusu wala kuzuia

Sasa twaifikia kazi ya tatu, ambayo ndiyo itumikayo zaidi kuliko nyingine zote katika Biblia na katika liturgia. Kiingereza kina umbo la kumwamuru mtu aliye mbele yako, lakini hakina umbo lake peke yake la kumwagiza mtu wa tatu, wala la kuhimizana sisi kwa sisi. Kiswahili kimebarikiwa kwa jambo hili. Twabadilisha irabu ya mwisho ya kitenzi kuwa "e", na neno moja latosha: twende, aje, wasikie, iwe. Hata vitenzi vilivyotoka katika Kiarabu, visivyobadili mwisho wake, huonyesha jambo hilo kwa kukosa alama ya wakati: atubu, tusamehe. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na miisho ya namna hiyo, nayo ikapotea kwa sehemu kubwa. Ili kuziba pengo, Waingereza walikiazima kitenzi "let" wakakifanya chombo cha kuamuru na kuhimiza. Katika kazi hiyo hakina tena maana ya ruhusa; kimekuwa alama tu, kama vile "na" yetu katika "na waje".

Wenyewe huzitofautisha maana hizi katika mazungumzo. Mfungwa anayemwambia mlinzi "let us go" anaomba ruhusa, naye hawezi kulifupisha neno. Mtu anayewaambia wenzake waondoke pamoja husema "let's go", kwa kifupi, na haombi ruhusa kwa ye yote. Kwa Kiswahili la kwanza ni "tuachie twende", la pili ni "twende" tu.

Tuutazame uumbaji. Katika Mwanzo 1:3 Kiebrania kina neno "yehi", umbo fupi la kitenzi "kuwa", lenye kutoa amri au tamko kwa nafsi ya tatu. Tafsiri ya kale ya Kigiriki, Septuaginta, ina "genetheto". Kilatini kina "fiat". Martin Luther alitumia "werde". Kiswahili kina "iwe". Lugha hizi zote zina neno moja. Kiingereza kinalazimika kusema kwa "let", na hapo ndipo shida huingia. Tumewahi kumsikia mhubiri, mtu mwenye bidii, akieleza kwamba nuru ilikuwapo ikingoja, na Mungu akairuhusu itoke. Alikuwa ameiandaa hotuba yake kutoka katika kitabu cha Kiingereza. Kwa herufi tatu alikuwa ameliacha fundisho la kuumbwa vitu vyote kwa Neno, akaweka mahali pake mungu afunguaye mlango kwa kitu kilichokuwako kabla. Aliyekuwa na "iwe" katika Biblia iliyo mkononi mwake hakuwa na haja ya kupotea hivyo.

Vivyo hivyo katika Mwanzo 1:26. Kiebrania "na'ase" ni umbo la kujihimiza kwa nafsi ya kwanza wingi: na tufanye. Mababa wa Kanisa walijadiliana sana juu ya wingi huo, wakaona dalili ya Utatu. Wafafanuzi wa siku za karibuni wengi huona Mungu akinena mbele ya baraza lake la mbinguni. Mjadala huo ni halali. Lakini swali la mwanafunzi mmoja, "Mungu aliomba ruhusa kwa nani?", halikutoka katika Kiebrania. Lilitoka katika Kiingereza, na si tatizo la theolojia bali la sarufi.

Hapa tungependa kuonyesha hazina ambayo Kiingereza huificha. Neno "genetheto" la Septuaginta katika Mwanzo 1:3 ndilo neno lilelile lililomo katika Sala ya Bwana, Mathayo 6:10, tunapoomba mapenzi ya Mungu yatimizwe. Kiingereza kimeweka "let" mahali pa kwanza na namna nyingine ya kusema mahali pa pili, hata uhusiano hauonekani. Kwa Kigiriki, aombaye sala hiyo analitamka mbele za Mungu neno ambalo kwalo nuru iliitwa itoke gizani. Haombi Mungu aruhusu mapenzi yake mwenyewe, wala hajitolei yeye kumruhusu Mungu. Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 alieleza kwamba mapenzi ya Mungu hutimizwa pasipo kuomba kwetu, lakini twaomba yatimizwe na kwetu sisi pia. Maelezo hayo yanapatana kabisa na umbo la kitenzi.

Ndoa, meza ya Bwana na amani

Umbo hilo la nafsi ya tatu halina uzito mmoja siku zote. Mara ni amri, mara ni ruhusa, mara ni ombi. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kila "let" katika nyaraka ni amri. Muktadha ndio hakimu.

Tuchukue 1 Wakorintho 7:15. Mtume asema juu ya mume au mke asiyeamini anayeamua kuondoka: na aondoke. Kwa umbo, kitenzi cha Kigiriki ni cha kuamuru. Kwa maana, hapa ni ruhusa. Twajuaje? Mistari ya 12 na 13 inamkataza aaminiye asimwache mwenzake ikiwa huyo anakubali kukaa naye. Basi Paulo hamwamuru asiyeamini aondoke, wala hampi Mkristo fimbo ya kumfukuzia. Anasema tu kwamba anayeondoka kwa hiari yake asishikwe kwa nguvu. Mchungaji anayefanya ruhusa hii kuwa amri anazivunja nyumba. Na anayeifuta kabisa anamfunga ndugu mahali ambapo Mtume asema hakufungwa.

Katika 1 Wakorintho 11:28 hali ni kinyume. Kigiriki kina vitenzi vitatu vya nafsi ya tatu: na ajihoji, na ale, na anywe. Kiingereza cha 1611 kinatumia "let" kwa kujihoji, kisha kwa kula. Tumewaona washarika ambao kwa miaka mingi hawakuikaribia meza ya Bwana, kwa sababu waliufahamu mstari huu kama mlango wenye bawabu: ajihoji kwanza, kisha, akionekana anafaa, ataruhusiwa kula. Maneno "let him eat" yamesomwa kama kibali kitolewacho kwa waliofaulu mtihani. Mtume hakusema hivyo. Kula na kunywa vimo katika agizo lilelile lililo na kujihoji. Ajihoji, na hivyo ale. Lengo la kujihoji ni kula, si kujitenga. Haya hayaondoi uzito wa maonyo yaliyo katika mistari inayozunguka, wala nidhamu ya kanisa. Lakini Katekisimo Ndogo imetufundisha ni nani aliye tayari kweli: si yule mwenye maandalizi ya nje, ingawa hayo ni mazuri, bali aaminiye maneno ya Bwana kwamba mwili na damu vilitolewa kwa ajili yake. Mtu huyo haambiwi "waweza". Anaambiwa "ale".

Mahali pa tatu ni Warumi 5:1. Hapa "let" hutokea katika tafsiri moja na kutoweka katika nyingine, na sababu yake ni herufi moja. Baadhi ya nakala za kale zina "echomen" kwa o fupi: tuna amani kwa Mungu. Nyingine zina "echomen" kwa o ndefu: tuwe na amani kwa Mungu. Kodeksi Sinaitiko na Kodeksi Vatikano, ambazo ni miongoni mwa nakala kongwe kuliko zote, ziliandikwa kwanza kwa o ndefu, kisha zikasahihishwa kuwa o fupi. Biblia ya Kiingereza ya 1611 ina tamko: tuna amani. Ile ya 1881 ikaweka "let us have". Union Version yetu nayo imeufuata mkondo wa agizo. Tafsiri nyingi za baadaye zimerudi kwenye tamko.

Kwa Walutheri jambo hili si dogo. Je, amani na Mungu ni tunda lililokwisha kutolewa kwa aliyehesabiwa haki, au ni wajibu anaohimizwa autimize? Wafafanuzi wengi hushika "tuna", kwa sababu mstari wa 10 na 11 wanena juu ya upatanisho kama jambo lililokwisha kutendeka. Tena o fupi na o ndefu zilikuwa zimeanza kusikika sawa, na mwandishi aliyesomewa angeweza kukosea kwa urahisi. Nasi tunakubaliana nao. Lakini hata yule anayehubiri kutoka katika Union Version hana sababu ya kuligeuza andiko kuwa sheria. Agizo hilo linaanza na "tukiisha kuhesabiwa haki". Halisemi tuitafute amani. Lasema tukae katika amani ambayo tayari ni yetu. Mhubiri akijua kwamba lipo swali hapa, atanena kwa uangalifu. Asipojua, huenda akamwekea mwenye dhambi mzigo mahali ambapo Injili imemtua.

Waacheni, wala msiwazuie

Tulimwomba msomaji alihifadhi neno "koluo", kuzuia. Twarudi kwake sasa, pamoja na mwenzake "afiemi". Kitenzi hiki cha pili ni cha ajabu kwa Mswahili, maana kimefanana na "kuacha" kwa namna isiyowezekana kwa Kiingereza. Katika Marko 1:18 wanafunzi wanaziacha nyavu zao: "afiemi". Katika 1 Wakorintho 7:12 mume anaambiwa asimwache mkewe: "afiemi". Katika Mathayo 6:12 twaomba tusamehewe, yaani tuachiliwe, deni zetu: "afiemi". Na katika Marko 10:14 Bwana anawaambia wanafunzi wawaache watoto waje kwake: "afiemi". Kuacha, kumwacha, kuachilia, kuachia: Kiswahili chaweza kuzikusanya maana hizi karibu zote katika shina moja. "Let" ya Kiingereza yaweza kubeba moja tu kati yake.

Angalia basi jinsi maneno haya mawili yanavyokwenda pamoja. Katika Marko 10:14 Bwana anaamuru "afiemi" na kukataza "koluo": waacheni, msiwazuie. Katika Mathayo 3:14-15, Yohana alikuwa akimzuia Yesu asibatizwe, na kitenzi ni cha shina la "koluo". Yesu akamjibu akubali kwa sasa, na kitenzi ni "afiemi". Ndipo Yohana akamwacha. Katika Matendo 8:36 towashi Mwethiopia auliza ni nini kinachomzuia asibatizwe: "koluo". Katika Matendo 10:47 Petro auliza swali la namna hiyo juu ya watu wa nyumba ya Kornelio: "koluo" tena. Oscar Cullmann, katika kitabu chake juu ya ubatizo kilichotoka mwaka 1948, alitoa hoja kwamba katika Kanisa la kwanza lilikuwako swali la desturi lililoulizwa kabla ya kubatiza, kama kuna kizuizi. Si wote waliokubali hoja hiyo, lakini mistari yenyewe ipo, na kila mtu aweza kuisoma. Luther naye, alipotengeneza kitabu kidogo cha ubatizo mwaka 1523 na kukirekebisha mwaka 1526, alilihifadhi somo la Marko 10 lisomwe mbele ya mtoto aletwaye.

Na kitabu cha Matendo chamalizikaje? Paulo, yule aliyekuwa amezuiliwa mara nyingi asiende Rumi, yumo Rumi. Amefungwa, lakini anahubiri. Na neno la mwisho la kitabu, kwa Kigiriki, ni "akolutos": pasipo kuzuiliwa. Mtume ana minyororo, Neno halina.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu kwa wanafunzi na wachungaji wenzetu. Kwanza, kila unapoandaa mahubiri ukakuta "let" katika kitabu cha Kiingereza, uulize: je, hapa ni kuruhusu, ni kuzuia, au ni kuamuru? Jaribu kuweka Kiswahili cha kila moja, na sentensi yenyewe itazikataa zile zisizofaa. Pili, fungua Biblia ya Kiswahili mapema, si mwishoni wakati wa kutafuta andiko la kusoma. Irabu "e" ya mwisho wa kitenzi chetu imehifadhi mambo ambayo Kiingereza kilipoteza. Tatu, katika liturgia tusiige. Siku hizi twasikia "wacha tuombe" na "acha tusimame". Si dhambi, tena mtu aweza kuwa na hoja ya kuyatetea. Lakini kiongozi wa ibada haombi ruhusa kwa mtu wala haondoi kizuizi. Anawaita watu wa Mungu. "Tuombe" ni neno moja, nalo latosha.

Mwisho, neno hili dogo linatuuliza swali juu ya utumishi wetu wenyewe. Mchungaji aweza kusimama mlangoni kama mtu azuiaye, akifikiri kwamba analinda utakatifu. Aweza pia kusimama hapo kama mtu aruhusuye, akifikiri kwamba mlango ni wake. Wanafunzi wa Bwana walikuwa na kosa la kwanza siku ile watoto walipoletwa, na katika kosa hilo la kwanza lile la pili lilikuwa limejificha. Bwana hakuwapa mamlaka ya kutoa vibali. Aliwaambia waondoke njiani, kwa maana wale walioletwa walikuwa wanakuja kwake yeye.